Hoja ya Wajane

Mbunge wetu alikulia mlango wa tatu kutoka kwetu, na hilo ndilo lililotuponza. Angekuwa mtu wa kuja na gari wakati wa kura kisha akapotea, tungemsikiliza kwa sikio moja kama tulivyowasikiliza wengine. Huyu tulimjua tangu alipokuwa na kaptura iliyotoboka nyuma. Mama yake aliuza uji nje ya kiwanda. Baba yake alipofariki, ofisi ya nyumba za baraza la jiji iliwatoa, kwa sababu kadi ya upangaji ilikuwa ya mwanamume na mwanamume hakuwapo tena. Walilala jikoni kwetu mpaka mama yake alipopata pa kupanga. Mama yangu aliwapa hilo jiko bila kumwuliza baba, na baba alinuna kwa muda mrefu.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, baba yangu naye alifariki. Baba mdogo alikuja kwa matanga na akasahau kuondoka. Tulipomaliza mazishi tu, alichukua ile kadi akaenda ofisini kuomba iandikwe jina lake, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume aliyebaki katika ukoo. Mashambani alikuwa na nyumba yake na mke wake. Hii yetu, vyumba viwili vya mawe na jiko, karibu na barabara ya Jogoo, alitaka kuipangisha chumba kimoja kimoja. Mama aliingia humo akiwa bibi arusi. Sisi watoto sote tulizaliwa humo.

Mama akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alifunga kitambaa chake cha kanisa, akatembea hadi mahakama ya Makadara, akamshtaki shemeji yake. Wenzake wa kikundi cha akina mama walimkwepa baada ya ibada, maana kwao mwanamke wa heshima hampeleki ndugu ya mumewe mbele ya hakimu. Mama hakurudi nyuma. Hakimu aliamuru tusiguswe mpaka kesi isikizwe, na baba mdogo akarudi mashambani akiwa amefura.

Uchaguzi ulipofika, yule mtoto wa mama uji alisimama. Alikuwa amesoma kwa kuungaunga, akafundisha shule, akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha uwanjani. Alikuja kwetu, akapita sebuleni bila kukaa, akaketi jikoni kwenye kigoda.

"Mama, hapa ndipo nililala," akasema. "Nikifika Bunge, neno langu la kwanza litakuwa hili la nyumba."

Akashinda. Na ahadi yake akaitimiza, ndiyo maana mpaka leo sijui nimkasirikie vipi. Mwongo ungemtukana ukapumua. Huyu alifanya hasa alichosema atafanya.

Jioni ya hoja yake, wanawake wa safu yetu walijaa kwetu kusikiliza taarifa ya Bunge redioni. Wakati huo wabunge walikuwa wameruhusiwa kusema Kiswahili mle ndani, na tulimsikia mtu wetu kama yuko uani. "Bwana Spika, kuna mama mmoja mtaani kwetu..." Mama akainamisha kichwa, akajifuta macho na kanga. Hoja ilikuwa kwamba mjane asitolewe katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na kadi iandikwe jina lake. Hakuna mbunge aliyepinga hata mmoja. Hoja ikapita.

Wakikuyu wakipata mtoto wa kike hupiga vigelegele vitatu, wa kiume vitano. Wanawake wale waliipigia hoja vitano, na mmoja akaongeza cha sita kwa tamaa. Tulipika chai ya sufuria kubwa. Jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu ambaye mumewe aliuza nguo katika soko la Gikomba, alikuwa ameketi karibu na mlango. Ndiye pekee aliyeuliza, "Sasa inaanza lini?" Tukamwambia anywe chai.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walikuja kwa mama. Walizungumza kwa upole, na walichosema kilikuwa na akili, au tulikiona hivyo. Sheria imeshatoka, ya nini tena kumburuta ndugu mahakamani? Mama aende akaiondoe kesi, amwite shemeji yake, wale chakula pamoja, yaishe. Mtaa mzima uliona hivyo. Mama, ambaye hakuwahi kupenda kukwepwa kanisani, akakubali. Akaiondoa kesi. Akachinja kuku, akamwita baba mdogo, akampa minofu yote. Baba mdogo alikula vizuri sana. Akaomba na mchuzi.

Kumbe alikuwa anangoja hilo tu. Kabla wiki haijaisha alirudi na askari wawili na karani wa ofisi ya nyumba, kadi mpya mkononi. Mama hakuogopa hata kidogo. Alisimama mlangoni akamwuliza karani kwa sauti ya kumhurumia:

"Wewe husikilizi redio, kijana?"

"Mama, mimi sifanyi kazi na redio."

"Hoja imepita!"

"Mimi sijaletewa kitu. Tafadhali, tutoe hivi vyombo bila vita."

Walivitoa. Kitanda, kabati, masufuria, picha ya baba, vyote vikaanikwa uani mbele ya watu. Wale wazee wa kanisa walitusaidia kubeba, na mmoja wao alikuwa akilia. Sikumwonea huruma. Jirani yule wa Kiislamu ndiye aliyetupatia chumba kwa shangazi yake huko Majengo. Njiani hakusema neno juu ya swali lake la siku ile, na ningekuwa mimi, ningelisema.

Kesho yake nilikwenda mjini ofisini kwa mheshimiwa. Alinipokea kwa furaha. "Niaje, sista? Mama yuko poa?" Nikamweleza. Furaha ikamtoka usoni, akaketi.

"Sista, hoja si sheria," akasema. "Hoja ni Bunge kuiambia serikali kwamba tungependa hivi. Serikali ikitaka, inaandika mswada, ule mswada unajadiliwa, ukipita ndio unakuwa sheria. Bado hawajaandika."

"Ulijua hivyo ulipokuwa ukisema redioni?"

"Kila mbunge anajua."

"Mbona hukutuambia sisi?"

Alitazama dirishani. "Mlikuwa mnapiga vigelegele, mama yangu mzazi alikuwa anacheza barabarani. Nilitaka mfurahi kidogo. Sikujua kuna kesi itaondolewa."

Nilimwambia arudishe nyumba. Akasema nyumba hawezi, lakini mswada ataandika mwenyewe, hata kama ni kutafuta mawakili wa kumsaidia bure. Na alianza kweli. Nilimwona na makaratasi yake, yote ya Kiingereza, yamepigwa mistari myekundu. Kila nilipopita alinionyesha kifungu kipya, na kila mara mama aliniuliza nikirudi, "Kimefika wapi?"

Kisha akateuliwa kuwa waziri msaidizi. Mtaa ulichinja ng'ombe. Mtoto wetu ameula serikalini! Mimi nililazimika kueleza watu, mmoja mmoja, kwamba mtu wa serikali haleti mswada wake binafsi. Hungoja ule wa serikali. Waliniona mwenye kijicho.

Tukiwa Majengo, jioni moja mama alikuwa akichambua maharagwe na redio imewashwa. Mbunge wa upande mwingine wa nchi, wa viti vya nyuma wasikokaa mawaziri, aliuliza: ile hoja ya wajane tuliyoipitisha, serikali itaitekeleza lini? Aliyesimama kujibu kwa niaba ya serikali alikuwa yeye. Niliijua sauti kabla hajatajwa.

"Bwana Spika, serikali inalitazama jambo hilo kwa makini."

Wabunge wakacheka. Sikujua wanacheka nini. Nilitaka kuvunja kile kiredio ukutani, na nadhani ningekivunja kama si cha shangazi wa watu.

Mama aliacha maharagwe. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo sikuiona tangu tuhame.

"Umemsikia?" akasema. "Wanalitazama. Basi hayo mabunda ya vyombo yaliyobaki tusiyafungue, tutajisumbua kuyafunga tena tukirudi kwetu."

Nilichukua kisu cha jikoni, nikakata kamba za mabunda yote, moja baada ya nyingine, nikapanga masufuria kwenye rafu ya chumba cha kupanga. Mama alinitazama mpaka nikamaliza. Hakunisaidia.