Chakula cha Njiani kwa Chama Kidogo

Siasa ya nchi za watu niliisomea sokoni, kwenye nyanya. Cheka ukitaka. Wakati ule wakubwa walikuwa wameshasaini kwamba vita vya Kongo vimekwisha, ila bunduki zenyewe zilikuwa hazijaambiwa, na mimi nilikuwa nauza nyanya, vitunguu na mchele wa Bugarama kwa jiko la kambi ya basoda wa kigeni kule Bukavu. Basoda ndivyo tunavyowaita askari huku kwetu. Hawa wa kofia za bluu walitoka nchi moja ndogo ng'ambo ya bahari, mbali mno. Kila asubuhi nilivuka daraja la Ruzizi kutoka Kamembe na karai kichwani, na kila jioni nilirudi. Nilizaliwa upande ule wa Bukavu, nikalelewa kule, nikaja Rwanda baada ya mauaji ya kimbari nikiwa mwanamke mzima mwenye mdomo wangu. Hapakuwa na mtu wa barrière, kile kizuizi cha mpakani, asiyenijua.

Mama yangu hakuja. Yeye alikimbilia Bukavu kutoka Rwanda akiwa msichana, akaolewa kule, akamzika baba yetu kule, na nyumba yake ya matofali ilikuwa kwenye avenue inayopanda kutoka darajani. Mtaa mzima ulijua sisi ni watu wa upande gani. Mara moja tulishafukuzwa katika nyumba ile kwa mawe na matusi, na vita vilipopoa kidogo yeye akarudi peke yake, akafagia, akawasha moto. Mimi nilimsihi ahamie kwangu Kamembe. Nililia, nilinuna, nilimtuma padri. Jibu lake lilikuwa lile lile, huku akionyesha kwa kidevu kona ya avenue, ambako basoda wale waliweka mifuko ya mchanga na gari lao jeupe.

"Bale batoto beko pale," alisema. "Siku batatoka, na miye nitatoka. Mbele ya ile siku, usinisumbue."

Basi ikawa hivyo. Wakiondoka ghafla, mama yangu angebaki katika nyumba ile bila mtu wa kumlinda, na mimi ningesikia habari zake nikiwa upande mwingine wa maji. Nilikuwa na woga huo mchana na usiku, nausema wazi.

Aliyenifungua macho ni sajini wa vyakula wa kambi ile, mtu mnene mwenye masharubu, mcheshi. Kiswahili alijifunza kwetu sisi wauzaji, kwa hiyo alisema kama maman wa sokoni, matusi na yote. Siku moja alipima vitunguu vyangu huku uso umemwanguka. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba muda waliopewa kukaa Kongo ulikuwa unakwisha, na bunge la kwao lazima lipige kura kuuongeza. Serikali yao ilikuwa ya vyama vitatu vilivyoshikana. Chama kikubwa kilitaka waendelee, kwa sababu nchi yao ndogo ilikuwa imeanza kuheshimiwa duniani. Chama cha pili kilikuwa kinasikilizia upepo. Cha tatu, kile kidogo, kiliwaahidi wapiga kura wake kwamba batoto watarudi nyumbani, na kikijitoa, serikali nzima inaanguka.

"Kumbe kale kadogo njo kanashika kisu?" nikamuuliza.

"Njo vile, maman. Kadogo njo kakubwa."

Wengine wangeshangaa. Mimi nilielewa pale pale, maana umoja wetu wa wanawake wa mpakani ulikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa makundi matatu. Sisi tuliokulia Kongo tukarudi Rwanda, wengi na wenye kelele. Mamans wa Bukavu, wenye soko lao na jeuri yao. Na wanawake wachache wa Nyakabuye, wakulima, wapole, ambao ndio waliokuwa na ule mchele wa Bugarama. Wakinuna hao wachache, hakuna mchele, na bila mchele jiko la basoda lingetafuta muuzaji mwingine. Mdharau mwiba guu huota tende. Mwaka mzima nilikuwa nawashika watu wa Nyakabuye kama mayai.

Sajini akaniambia wabunge watatu watakuja kutazama kazi ya askari wao kabla ya kura, mmoja kutoka kila chama. Wa chama kikubwa alikuwa amekwisha kukubali tangu kwao. Wa pili angemfuata mshindi. Aliyebaki alikuwa mama mmoja wa chama kidogo, mwenye nywele nyeupe, ambaye hata kwao walimwogopa.

"Huyo muniachie miye," nikasema.

Nikaitisha umoja. Nikawaambia basoda wakienda, barabara itafungwa, na karai zetu tutazigeuza kofia za mvua. Wote wakaona. Lakini kukubaliana ni kitu kingine, Mungu wangu! Mamans wa Bukavu hawakutaka Mnyarwanda awe wa kwanza kusema, kwa sababu mgeni amefikia kwao. Watu wangu hawakutaka kukaa nyuma kwa sababu wazo ni letu. Wale wa Nyakabuye walinyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikonitisha. Nikagawa heshima kama mtu anayegawa nyama harusini. Mamans wa Bukavu waimbe na kupokea. Wa Nyakabuye, mmoja wao, atoe hotuba. Na mimi nikabidhi zawadi mwishoni. Nilijua wazi kwamba mgeni husahau hotuba, ila mkono uliompa kitu haumtoki akilini.

Zawadi yenyewe hatukubishania. Kwetu, mgeni unayempenda humwachi ashike njia mikono mitupu. Unamfungia impamba, chakula cha njiani. Maana yake inajulikana na mtoto: njia hii sasa ni yako, uipite tena. Ni yule usiyemtaka ndiye unayemwacha aende na njaa yake. Tukafunga kikapu kikubwa. Viazi vitamu, karanga zilizokaangwa, ndizi mbivu, sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na juu kabisa kifuko cha mchele, kwa sababu wa Nyakabuye walitaka mchele wao uonekane.

Asubuhi wageni walipokuwa wanaondoka tulijipanga kwenye lango la kambi na vitenge vipya. Nyimbo zilikwenda sawa. Hotuba ya yule mama wa Nyakabuye ilikuwa fupi, watu wakapiga makofi. Kisha nikasogea mbele, nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, nikamkabidhi mheshimiwa wa chama kidogo kikapu kwa mikono miwili. Nikasema, "Maman, hiki ni chakula chako cha njiani. Ule ukifika mbali, utukumbuke." Sajini akatafsiri. Yule mama akaangalia ndani ya kikapu, akaniangalia mimi, macho yakamlowa. Akanikumbatia mbele ya makamanda wake wote. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega yake niliisikia.

Nilirudi Kamembe nikiimba. Nikamwambia kila mtu wa barrière kwamba kura tumepata.

Haukupita muda, sajini akaniita nyuma ya jiko. Hakuwa na utani siku ile. Alikuwa amepata habari za kwao. Mheshimiwa yule alisimama bungeni akaeleza safari yake kwa sauti ya upole. Akasema tunaambiwa watu wa kule hawawezi kuishi bila askari wetu. Lakini wanawake wa pale, maskini, wamekusanya chakula chao wenyewe, wakatufungia kwa ajili ya safari ya kurudi nyumbani. Wametuaga kwa heshima kuliko sisi tunavyojua kuaga. Ni nani sisi, akauliza, hata tukatae kuondoka baada ya kuagwa hivyo? Wabunge wengine, sajini alisema, walijifuta machozi.

"Ulitafsiri nini weye?" nikamfokea.

"Maneno yako, maman. Yote. Chakula ya njia."

"Na haukumwambia chakula ya njia ni kusema urudi?"

"Nani alinifundishaka ile?" akasema, na kweli hatukuwa tumemfundisha. Sisi wenyewe hatukudhani kuna mtu duniani asiyejua.

Nilikasirika hadi nikapiga karai teke, nyanya zikaviringika hadi kwenye buti za mlinzi. Na hadi leo sikubali kwamba nilikosea. Mtu anapewa impamba halafu anadhani amefukuzwa? Huyo amelelewa na wachoyo! Lakini hasira haibadilishi kura, na ile kura ilikuwa na mama yangu ndani yake.

Wakubwa wa kwao waliketi, vyama vitatu, mlango umefungwa. Chama kikubwa hakikutaka kuonekana kimekimbia Kongo. Kile kidogo hakikutaka kurudi kwa wapiga kura wake bila kitu. Wakakata katikati. Muda ukaongezwa, ndiyo, lakini askari wakae ndani ya kambi. Vituo vya mitaani viondolewe, doria zikome, asife mtoto wa mtu kwenye barabara ya watu. Hapo kila chama kikapata cha kusema nyumbani. Kikubwa kilisema tumebaki. Kidogo kilisema tumewatoa hatarini. Hata kile cha pili kilipigiwa makofi. Mama yangu peke yake ndiye hakuulizwa.

Mifuko ya mchanga pale kona iliondolewa asubuhi moja, wakapakia kwenye gari lao jeupe, wakashuka nalo kambini. Niliacha biashara nikapanda avenue mbio.

"Maman, basi! Batoto banatoka. Funga bintu, tuende."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Radio inasema baliongezewa muda," akasema. "Minasikia na masikio yangu. Beko."

"Beko ku camp, Maman! Camp iko kule chini. Usiku muntu akipiga mlango yako, nani atasikia?"

"Nilisema siku batatoka. Habayatoka."

Nilitaka kupasuka. Watu wa mbali walikuwa wamebuni kukaa ambako si kukaa, na mama yangu, mwenye msimamo kuliko bunge lao, akakushika kukaa huko kama neno la Mungu. Nikaanza kupaza sauti. Kisha nikamtazama vizuri: mawe alikuwa anayaacha kwenye ungo, mchele ndio aliokuwa anautupa. Alikuwa anajua. Alijua tangu gari lilipowashwa. Alichokuwa hana ni mlango wa kutokea bila aibu.

Nikaketi chini karibu naye. Nikamwambia, "Nina woga, Maman. Kila usiku nina woga. Sema bei yako."

Akachambua kidogo, akatupa jiwe dogo nje. Ndipo akaanza, na alikuwa amejiandaa, ninakuapia! Anataka chumba chake mwenyewe, chenye dirisha la kutazama upande wa Bukavu. Kitanda chake kije, cha kwangu ni cha wagonjwa. Kila Jumapili avuke kwenda kusali kanisani kwake na kupita kwenye kaburi la baba. Na mtu yeyote Kamembe asimwite mkimbizi, kwa sababu ameshakuwa mkimbizi ujanani na inatosha. Hayo ya Jumapili yalinichoma, barabara ile niliijua. Lakini nilishaona mambo ya vyama vidogo: ukianza kupunguza neno moja, wanasimama wanatoka. Nikakubali yote kabla hajaongeza jingine.

Tulivuka siku hiyo hiyo, kitanda kikiwa kichwani mwa wapagazi, yeye nyuma yao na mkoba wake kama mtu anayekwenda misani. Mtu wa uhamiaji akamuuliza, "Maman, unahama?"

"Ninaenda kutembea kwa mutoto yangu," akasema. "Gonga muhuri."

Jumapili alivuka, na Jumapili nyingine akavuka, na mimi nilikuwa namngoja darajani hadi arudi. Halafu mizinga ikaanza. Haikuwa Jumapili, namshukuru Mungu hadi leo. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mama ameketi uani kwangu anamenya maharagwe mabichi, na ng'ambo ya maji moshi ukaanza kupanda upande wa avenue yake. Majirani wote walitoka nje.

"Bale batoto beko wapi?" mama akauliza.

"Ku camp."

"Banafanya nini?"

"Hakuna, Maman. Balikatazwa kutoka."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, unanijua. Nilikuwa nimeyaweka tangu siku ya kitanda: unaona sasa, nilikuambia. Nikamtazama usoni nikayameza. Alikuwa anahesabu kimya kimya nyumba za avenue ile, mlango kwa mlango, midomo yake inacheza, na katika kila mlango alikuwa na mtu wake: mtoto wa ubatizo, jirani, mtu aliyemshika mkono siku ya kumzika baba. Kisha akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akamwaga maharagwe yote kwenye beseni, hata yale ambayo yalikuwa hayajamenywa.

"Weka sufuria ya kubwa ku moto," akaniambia. "Bantu banakuya."

Nikatazama chini. Darajani watu walikuwa wameshaanza kuvuka.