Nilichomoa waya, nikausingizia umeme

Mmeadimika nyinyi, hata haya hamna! Tangu mfungo uishe nauliza, "Wale watoto wa kwenye ukurasa huu wa mtandaoni wamesemaje?" Naambiwa kimya. Haya, kaeni. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, wa Likombe, Mtwara, shule sikuiona hata mlango. Anayeandika ni binti wa jirani. Jina langu lifichwe.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni, mjukuu wangu, tumwite Somoe, alitunga programu ya kupimia korosho ghalani. Kompyuta ikawa inapata moto na kukwama, mizani inasubiri. Akaileta kwangu aitengeneze, akaniambia, "Bibi, humu ndani nimeweka vibarua wengi, wanafanya kazi kwa pamoja. Mmoja anakula nguvu zote na kazi hafanyi."

Nikamwambia, "Huyo namjua, mke mwenzangu. Kisimani ukishapanga ndoo yako unakaa kivulini mpaka uitwe. Yeye kasimama tu anauliza, 'Zamu yangu? Zamu yangu?'"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndiye huyo! Anatakiwa alale, aamshwe. Ila sijui ni yupi." Akaiacha mashine iwavizie, iandike kila kibarua anafanya nini. "Usiizime, Bibi. Ikizimwa kabla sijahifadhi, yote yanapotea. Kesho bosi anakuja kuiangalia."

Akaenda zake mtaa wa Chikongola. Mashine ikahema kama mgonjwa. Nikaigusa mgongoni: moto. Na nyumba yangu ya makuti. Nikachomoa waya.

Aliporudi nikasema, "Umeme ulikatika." Mtwara hii, nani angebisha? Akakaa chini. Mimi nikaendelea kumenya mihogo.

Mbele ya bosi mashine ikakwama tena. Kazi akapewa mwingine. Somoe akahamia Mwanza, hajarudi kulala kwangu mpaka leo. Sikulia. Hata sasa silii; ni kama mguu uliokufa ganzi, naukanyagia tu.

Juzi kanitumia sola na betri. Kwenye simu akasema, "Umeme usikutese wewe kama ulivyonitesa mimi, Bibi." Nikajibu, "Ahsante, mama." Fundi kaifunga taa ukutani. Sijaiwasha.

Mwezi ujao anakuja, na najua kitu cha kwanza atabonyeza swichi ile aone. Nimwambie, au nife nalo? Semeni, nyie mliosoma. Na mkirudi hapa msiniletee pole, pole ninazo tele. Nileteeni neno la kuanzia. Mengine nitayamaliza mwenyewe.