Gurudumu la Baba

Siku chache baada ya kumzika Baba, gurudumu la mashine yake lilizunguka lenyewe. Ilikuwa mchana, mlango wa karakana uko wazi, nami nilikuwa nikifagia. Lilizunguka kidogo, polepole, kama mtu anayepima, likasimama. Kisha kitu kikagonga chini ya sakafu.

"Baba anagonga," mdogo wangu wa mwisho alisema kutoka mlangoni, bila hofu, kama anayeniambia sufuria inachemka.

Mashine ile ilikuwa ya kuchonga chuma. Baba aliinunua wakati karakana ya Mhindi mmoja mjini ilipofungwa, akaileta kwa mkokoteni vipande vipande hadi chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu, upande wa Kondele. Chuma hufungwa juu ya meza yake, unazungusha gurudumu, na meza inakipeleka chuma kwenye kisu kinachozungushwa na mota. Tangu niache shule kidato cha pili, Mama alipougua, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia Baba taa na spana. Mama alitangulia. Sasa Baba naye.

Kwetu, kugawa vitu vya marehemu tunaita keyo nyinyo, yaani kugawa vyuma, hata kama alichoacha ni viti na kuku. Kabla ya siku hiyo vitu vyake havishikwi ovyo. Baba mdogo aliniambia wazi pale matangani:

"Nyathina, mwanangu, siku hiyo nikija nikute hiyo mashine inafanya kazi, ibaki iwalishe. Nikikuta imekufa, inaenda kwa watu wa skrepa. Na nyinyi tutawagawa, huyu kwa shangazi, huyu kwa mjomba. Wewe si utaolewa?"

Wadogo zangu walikuwa watatu, na hawakuwahi kulala nyumba mbalimbali. Kwa hiyo niliishika.

"Unagusa vyuma vya mtu hajaachilia?" mama jirani aliniuliza juu ya ua.

"Watoto hawali matanga, Mama," nikamjibu.

Ugonjwa wa mashine niliujua. Nati ya shaba iliyobeba meza ilikuwa imelika, meza ikawa inacheza. Kisu kikigusa chuma, kilikivuta ghafla na kuvunjika meno. Nilichokuwa sijui ni mnyororo. Ulitoka chini ya meza, ukapita kwenye puli, ukaingia katika bomba sakafuni. Baba aliuweka nilipokuwa hospitalini nikimuuguza Mama, na hakuwahi kunieleza. Niliinua bati lililofunika sakafu. Chini yake palikuwa na shimo jembamba, na ndani, kwenye giza lenye harufu ya matope, lilining'inia kopo la rangi lililojazwa simenti.

Nikaelewa. Uzito ule ulikuwa ukiivuta meza upande mmoja isicheze. Upepo wa ziwa ulipotikisa mabati, kopo liligonga bomba, mnyororo ukateleza, gurudumu likazunguka. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona alama ya mkono juu ya simenti. Baba alikuwa ameibonyeza ikiwa mbichi, na vidole vyote vitano vilikuwa pale. Niliweka mkono wangu ndani yake. Palikuwa na ubaridi usio wa kivuli.

Sikutaka kuendelea na kopo lile. Niliikata nati vipande viwili kwa msumeno wa mkono, nikaweka skrubu za kuvisukuma viachane mpaka meza ikaacha kucheza. Halafu nikaufungua mnyororo, nikaliburuta kopo hadi uani, nikaliacha juani. Tangu hapo gurudumu lilitulia.

Asubuhi aliyokuja Baba mdogo kugawa vitu, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi mweusi na kuujaza mji. Waliganda kwenye grisi, wakafunika dirisha, karakana ikawa na giza kama ya jioni. Nilikuwa nikichonga mfereji kwenye shafti ya kinu cha unga, na mwenye kinu amesimama nyuma yangu.

"Dada, ukiharibu hiyo, Kondele nzima italala njaa."

"Basi nyamaza wasilale njaa."

Kisu kilipita. Mfereji ulitoka safi, umenyooka. Baba mdogo aliutazama, akapitisha kidole, akakohoa.

"Ni bahati tu," alisema. "Hebu." Nilizima mota. Akashika gurudumu, akazungusha, akaliachia.

Gurudumu likarudi. Polepole, lenyewe, mpaka lilipokuwa. Kisha chini ya sakafu kitu kikagonga.

Mwenye kinu aliacha kutafuna mua wake. Mimi nilitazama nje mlangoni. Kopo lilikuwa pale uani, mnyororo umejikunja kando yake, wadudu wamelifunika lote isipokuwa ile alama ya mkono.

"Nani yuko chini?" Baba mdogo aliuliza.

"Hakuna mtu, Baba."

Alijifuta kiganja kwenye suruali kwa muda mrefu. "Hii tusiiweke kwenye kugawa," alisema hatimaye. "Hii imeshagawiwa." Akatoka bila kuaga, na habari ya shangazi na mjomba hatukuisikia tena.

Shimo nililijaza mawe na simenti mwaka uleule. Wadogo zangu wote walikulia nyumba moja, kwa mashine hiyo. Mara mojamoja, mchana, bado hugonga. Nazima mota, nasubiri amalize, kisha naendelea na kazi.