Tandiko la Guildford na Nyati wa Seven Hills

Balthazar ana miaka hamsini na sita, anaendesha lori la makontena bandarini Port Botany, hapa Sydney, na tangu utoto wake Bukavu anapenda makauboi kama wengine wanavyopenda mpira. Ana kofia yao, ana mkanda wao wenye kichwa cha ng'ombe. Ukimcheka, anakujibu: "Cheka, mama. Farasi wangu ana magurudumu kumi na nane, wewe unapanda treni."

Anakaa ghorofa moja chini ya nyumba yangu, mtaa wa Guildford. Mwaka 2021, tulipofungiwa ndani zaidi ya miezi mitatu, yeye aliruhusiwa kutoka kwa sababu ya kazi. Akirudi ananiachia mlangoni unga, maharagwe na samaki wakavu. Mimi ninapika, ninamwachia sufuria kwenye ngazi. Sufuria zangu zilirudi zimeoshwa. Niliishi na Rodrigue, mume wangu wa zamani, miaka ishirini na mbili, sikumwona akiosha hata kijiko.

Mwezi wa kumi walifungua kwa waliochanjwa. Balthazar akasimama chini ya dirisha langu, kofia mkononi.

"Mama Ketsia, nataka kukuoa. Usinijibu leo. Nijibu Jumamosi, mezani, mbele ya chakula alichopika mtu mwingine."

Mikahawa alikuwa nayo miwili kichwani, yote ya kikauboi, yote mizee kuliko watoto wetu. Mmoja uko hapa hapa Guildford. Wanauza steki tu, na katikati wameweka tandiko la kweli la farasi, na hatamu yake. Mteja anapanda, anapigwa picha. Wa pili uko Seven Hills, kuta zimejaa pembe, na nyama yao ni ya porini: kangaruu, mamba, nyati.

"Mimi nasema tandiko," alisema. "Miaka kumi na moja naliona dirishani nikipita. Nilikosa mtu wa kunipiga picha."

Tandiko lile nililijua. Rodrigue aliponiacha, picha ya kwanza aliyotuma kwenye kundi la simu la kanisa ilikuwa ya mwanamke wake mpya, amekaa juu ya tandiko hilo, na Rodrigue ameshika hatamu anacheka. Watu wa kanisa wakamwekea mioyo. Niliihesabu: thelathini na mmoja. Majina yao ninayo mpaka leo.

Balthazar sikumwambia hayo. Nilisema tu, "Twende Seven Hills."

"Nyama ya porini? Wewe?"

"Kwa nini nisiwe mimi?"

Kwetu nyama ya porini ilikuwa ya wanaume. Mama alipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, kisha akapewa mchuzi. Hata hapa Sydney, Rodrigue alikula firigisi za kuku niliowanunua mimi.

Balthazar akavaa kofia. "Basi Seven Hills. Tandiko halina miguu, halitakimbia."

Jumamosi nilifunga bukari, ugali wa kwetu, kwenye kitenge, nikaitia mkobani. Nyama bila ugali ni kuonja, si kula. Mlangoni mama mmoja mzee wa kizungu, amevaa buti ndefu, akakagua vyeti vyetu vya chanjo. Mkoba hakuukagua.

Nyama ikaja juu ya ubao mmoja mkubwa, na kisu kimoja kirefu na bakuli la mchuzi. Njiani nilikuwa nimeshaamua: akijiwekea kwanza kipande kizuri, nitarudi nyumbani kwenye sufuria zangu na hatanisikia tena.

Balthazar akakata nyati katikati, pale palipo laini. Akakichoma kipande kwa ncha ya kisu, na mkono ukaenda kwenye sahani yake, kama mikono ya baba zetu wote. Nikageuka kutazama pembe ukutani.

"Ngoja," nikamsikia. "Aliyenipikia miezi yote ile ni nani?"

Kipande akakiweka kwangu. Halafu akanigeuzia kisu, mpini upande wangu. "Gawa wewe, mama. Mimi najijua, nitakosea tena."

Nilikula polepole. Nyati ni mtamu. Wanaume walitunyima kwa makusudi. Balthazar alingoja, mikono magotini. Nikachukua kijiko, nikammiminia mchuzi mtupu.

"Na nyama?"

"Mchuzi unakutosha. Ni desturi."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka, yule mama wa buti akaja kuangalia kama amepaliwa. Nikafungua kitenge chini ya meza, nikampa tonge na nusu ya nyati.

"Na jibu langu?"

"Jumamosi ijayo twende Guildford. Utapanda tandiko lako, mimi nitashika hatamu, na picha nitaituma mwenyewe kwenye kundi la kanisa. Nitaandika chini yake: mchumba wangu."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Kula, Balthazar. Inapoa."

Mioyo ilikuja arobaini na minne. Wale thelathini na mmoja walikuwamo wote. Sijawasamehe, lakini niliwahesabu.