Jiko la Kusimama

Mwajuma alipotaka kujenga jiko jipya alijipima mwenyewe. Alisimama katikati ya uwanja wao hapa Ufukoni, akashika kiuno, akamwambia fundi Andrea, "Kaunta iishie hapa. Nimechoka kuinama." Sinki chini ya dirisha, jiko la gesi kulia kwake, makabati juu, vigae vyeupe chini. Picha zote alikuwa nazo kwenye simu. Mimi jirani yao nilikuwa barazani kwangu nachambua mchele, nikasikia kila neno, maana Mwajuma hajui kusema taratibu.

Andrea akauliza, "Na bibi je?"

"Bibi atapumzika."

Bibi ni mama mzazi wa Mwajuma, Bi Rukia. Magoti yameharibika, hasimami bila kushikwa, anajikokota kwa makalio. Lakini kwenye kupika usimwonee huruma. Banda lake la makuti alilipanga mwenyewe, na alilipanga kwa akili: yeye yuko juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, mtungi kushoto, kuni kulia, chumvi na bizari kwenye vifuu vilivyoning'inizwa usawa wa bega, mafiga mbele yake. Hanyanyuki mpaka chakula kimeiva. Kikiiva, anapakua yeye. Kwao anayeshika upawa ndiye mwenye nyumba, na nyumba ile ni yake, kiwanja alirithi kwa mama yake. Mengine yote alikwishayaachia, akabaki na upawa tu.

Banda lilibomolewa siku Bi Rukia alipopelekwa kliniki. Aliporudi alimkuta Andrea anachanganya zege pale pale penye mafiga. Hakulia. Aliomba tu ajengewe kijukwaa kifupi pembeni, aweke jiko la mkaa. Mwajuma akasema mkaa utachafua vigae. Andrea si mtu mbaya, ila ni mwoga. Aliinamisha kichwa akaendelea na koleo lake.

Jiko likaisha, na ni zuri, nisiseme uongo. Lina mwanga, lina hewa, mpishi anageuka tu na kila kitu kipo mkononi. Bi Rukia akawa anashinda mlangoni, anatazama visigino vya mwanawe. Ila moyoni alikuwa na neno lake, akanieleza mara nyingi: "Siku Hashimu akija, nitampakulia mimi."

Hashimu ni kaka yake, anaishi Kilambo. Katika ukoo wao kaka akija hula chakula kilichopakuliwa na dada yake, si na mke wala mpwa. Tena mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada. Bi Rukia aliamini kaka mtu ataona, atauliza, na akiuliza Mwajuma atafyata mkia.

Basi Hashimu akaja. Mkeka ukatandikwa ukumbini, mbele ya mlango wa jiko, nami nikaitwa. Ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Bi Rukia alikuwa amevaa kanga mpya. Akajikokota mpaka kwenye kigae cha kwanza, akasema kwa upole, "Nishushie sufuria, mwanangu."

"Mama, jiko hili halina kazi za chini," Mwajuma akajibu. Akapakua mwenyewe, kwa kusimama, akampelekea mjomba wake. Sahani ya mama akaiweka pamoja na za watoto.

Sote tukamtazama Hashimu. Aliitazama sahani, akamtazama dada yake pale sakafuni. Kisha akanawa, akamega tonge.

"Mpwa wangu, una mkono mtamu," akasema. "Na wewe dada, si afadhali sasa? Pumzika."

Wallahi nilitamani nimmwagie ule mchuzi kichwani.

Bi Rukia alikula mpaka sahani ikawa tupu. Alipomaliza akainyoosha juu, kuielekea kaunta asiyoifikia. "Mchuzi kidogo, mwanangu."

Mwajuma akafunua sufuria, akachungulia. Nilikuwa karibu, nikaona: ilikuwa nusu. Akafunika.

"Imetosha, mama. Ukizidisha unatusumbua na choo."

Hashimu naye akanyoosha sahani yake. Akajaziwa.