Siku Rosalie Alipokataa

Leona Kratochvil alikuwa mpishi wa shule katika mji mdogo wa Kansas, mji wa ngano na makanisa mawili, na hakuna aliyewahi kumsikia akinong'ona. Akiongea jikoni, watoto walimsikia uwanjani. Mumewe, Emil, aliyefanya kazi kwenye ghala la nafaka, alikuwa mpole wa kupindukia. Alipenda kuwatania wenzake kwamba siku ya ndoa Leona aliitikia kwa niaba ya wote wawili.

Mtoto wao wa pekee, Rosalie, alitimiza miaka sita bila kusema neno. Hakumtazama mtu usoni. Angeweza kukaa nusu siku akizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni, na ukimnyang'anya, aligonga kichwa ukutani mpaka kikavimba.

Walimpeleka kwa daktari wa akili katika mji mkubwa. Daktari hakumgusa mtoto. Alimuuliza Leona maswali: ulilelewaje, ulimpenda mama yako, ulipopata mimba ulifurahi? Mwishoni akaweka kiko chake mezani.

"Bi Kratochvil, mtoto huyu amejifungia ndani kwa sababu hakupata joto la mama. Mwache kwetu. Mbali nawe anaweza kufunguka."

"Joto?" Leona akasimama. "Mimi nimesimama mbele ya tanuri tangu nikiwa msichana. Njoo nikukumbatie, daktari, halafu uniambie joto limepungua wapi!"

Emil alikohoa, akachukua kofia yake. Waliondoka na mtoto wao. Lakini ndani ya gari Leona alilia njia nzima, maana hata tusi la uongo huacha jeraha, na hili lilimkaa moyoni kwa muda mrefu. Usiku mwingine alijiuliza kama kweli aliwahi kumshika mwanawe vibaya.

Mwaka uliofuata, chuo kikuu kilifungua nyumba ya kufundishia watoto wa namna hiyo. Aliyewapokea alikuwa mwanafunzi, Thelma Okerlund, msichana mrefu aliyetafuna ubani mchana kutwa. Hakuuliza habari za mimba wala za mama mzazi wa mtu. Aliuliza, "Rosalie anapenda kula nini?"

"Kolachi zangu. Vile vimkate vitamu vyenye jamu ya plamu katikati."

"Basi leta kolachi, mama."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tendo likifuatwa na kitu kizuri, mtu hulirudia. Lisipofuatwa na kitu, hufifia. Rosalie akiinua macho, hata kwa kufumba na kufumbua, alipata kipande kidogo cha kolachi papo hapo. Asipoinua, hakupata.

"Hivi ndivyo mjomba wangu alivyomfunza mbwa wake wa kuwinda," alinung'unika Leona.

"Ndiyo, mama. Na ndivyo tulivyofunzwa sote. Ukimpungia mtu mkono asikujibu, kesho utampungia tena?"

"Nitampungia mpaka aone haya."

Thelma alicheka mpaka ubani ukamponyoka. Lakini kabla ya mavuno Rosalie alikuwa anatazama watu, na theluji ilipoanguka alikuwa anasema "kola" ili apewe kolachi. Leona alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alitoka nje bila koti, akazunguka nyuma ya nyumba, akashika ukuta kwa mikono miwili. Yakafuata maneno mengine: maji, kiatu, Mama. Hakuna daktari wa akili aliyempa hayo. Alipewa na msichana wa kutafuna ubani, na Leona hakuwahi kulikana hilo.

Mkuu wa nyumba ile aliitwa Dakta Whitcomb Ladd. Yeye na wazazi walitazama masomo wakiwa chumba cha pili, kupitia kioo cha upande mmoja: wao walimwona mtoto, yeye hakuwaona. Asubuhi moja ya majira ya kuchipua, Thelma alishika mpira mkono mmoja na kolachi mkono wa pili.

"Sema, mpira."

Rosalie akausukuma mkono wenye kolachi. "Sitaki."

Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Hakuna aliyewahi kumlipa kwalo. Thelma aligeuka, akakitazama kioo.

Ladd akasema kwenye kipaza sauti, "Usimjibu. Endelea. Chakula cha mchana kisubiri mpaka aseme mpira."

"Kisubiri?" Leona akamgeukia. "Mtoto amesema hataki."

"Anakwepa kazi, bibi. Tukimwachia, atajua kwamba kukataa kunalipa. Tusipolijali neno hilo, litakufa lenyewe."

"Basi hilo ndilo ninaloliogopa! Miaka yote hii nimengoja mtoto wangu anijibu, hata kwa ujeuri. Leo kajibu, wewe unataka life?"

"Maneno yake yote ameyapata hapa."

"Ameyapata, na nitakushukuru mpaka niingie kaburini. Ila hili hukumpa wewe. Kesho keshokutwa msichana huyu atakuwa mkubwa. Watakuja watu wamtake hili na lile, na mkononi wameshika kitu kitamu. Unataka awaambie nini? Mpira?"

Ladd alimwambia kwamba akiondoka, nafasi hiyo atapewa mtoto mwingine.

"Mpe. Na mama yake umwambie nilichosema."

Leona aliingia chumba cha masomo, akamwinua Rosalie, akatoka naye. Thelma alibaki amesimama na mpira wake, masikio yamekuwa mekundu kwa aibu.

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Maneno mengine yalipotea, na kichwa kikarudi ukutani. Emil, mpole yule, aligonga meza. "Ujeuri wako umemkosesha mtoto mwalimu!"

Hata Leona mwenyewe alikuwa akiogopa hivyohivyo.

Jumamosi moja Thelma alibisha hodi mlango wa jikoni kwao.

"Ladd anajua umekuja?" aliuliza Leona.

"Hajaniuliza."

Wakaanza upya mezani pa Leona, kwa kolachi zilezile, ila kwa sharti moja: Rosalie akisema sitaki, kazi inasimama, anapumzika, kisha anaulizwa tena. Thelma aliona ni kujitafutia balaa. Na kweli, zilikuwepo asubuhi nzima za sitaki mwanzo mwisho, wote wakiwa hoi. Kisha zikapungua. Mtoto aliyejua kwamba atasikilizwa aliketi muda mrefu zaidi.

Ilibaki shule. Mwalimu mkuu alisema watoto kama Rosalie hawafundishiki.

"Vizuri," alisema Leona. "Jumatatu atakuwa nami jikoni, hapahapa shuleni. Anayetaka kumtoa aje amtoe kwa mikono yake, halafu apike yeye."

Jumatatu ikafika. Rosalie alipanga vijiko, akamenya viazi, na hakuna mkono uliomgusa. Kabla mwaka haujaisha, mwalimu wa darasa la kwanza alikuja mwenyewe kumwomba, akamkalisha karibu na dirisha. Rosalie hakuwa msemaji kamwe, lakini alijifunza kusoma, na alipokuwa mtu mzima alifanya kazi kwenye duka la mikate na kuishi chumba cha juu yake, akiwa na ufunguo wake mwenyewe. Leona alipotaka nakala ya ufunguo huo, Rosalie alimnyima. Leona aliwasimulia majirani habari hiyo kwa sauti ileile ya kufika uwanjani, huku uso wote ukimng'aa.