Ghala la Tangawizi

Sokoni Same kuna mama anayeuza tangawizi mbichi, ikiwa bado na udongo wa mlimani. Kila nikipita pale, huharakisha hatua.

Tulikuwa wadogo, mimi na rafiki yangu, tulipoingia kwa siri kwenye ghala la baba yangu kuruka juu ya magunia ya tangawizi. Baba akapita, akafunga kufuli bila kujua kwamba tumo ndani, akaenda shambani. Joto lilikuwa kali, na harufu ile ilituwasha koo na macho. Nikaanza kulia.

"Panda mabegani kwangu," rafiki yangu alisema. "Kuna upenyo pale chini ya bati. Toka ukamwite mtu."

"Nakuja sasa hivi," nikamwambia.

Nikatoka. Lakini baba alikuwa ametukataza ghala lile, na fimbo yake niliijua. Nikakaa jikoni na dada, nikapukuchua naye maharage, nikanyamaza. Jioni baba alipofungua alimkuta rafiki yangu amelala sakafuni, sauti imemkauka kwa kuita. Alichapwa. Hakunitaja, wala hakuniuliza kamwe kwa nini sikurudi.

Alifariki akiwa kijana, miaka mingi sasa. Kila nikipanda kijijini huenda kumsalimu mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hunishika mikono yote miwili. "Unakumbuka alivyofungiwa peke yake ghalani kwenu? Mimi husema, ungekuwa naye siku ile, ungemtoa."

"Ndiyo, mama," humjibu.